Kauli za Hati katika Nchi ya Chai

Kabla mpima ardhi hajautandaza mnyororo wake juu ya vilima vya Belgut na Buret, na kabla mche wa kwanza wa chai haujatiwa katika udongo ule mwekundu, ardhi ya Kericho ilikuwa imekwisha kupimwa kwa maneno, na maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza. Hayakuwa maneno mazito. Kila moja, likichukuliwa peke yake, lilikuwa neno ambalo mwanafunzi wa madarasa ya kati angelipata katika kamusi ndogo bila taabu: tupu, kukaa, hiari, milele, mwezi. Walakini yalipoungana katika ibara za sheria na barua za serikali yalivaa maana ambayo kamusi haikuitaja, maana iliyohifadhiwa katika desturi za mahakama za London na katika nia za walioyaandika. Na Wakipsigis, watu wa ng'ombe na wimbi, ambao Waingereza wa zama zile waliwaita Lumbwa, jina wasilojiita wenyewe, wakajikuta wamefungwa na kauli ambazo hawakushauriwa juu yake, na ambazo, hata wangalishauriwa, mkalimani hangaliweza kuzifikisha kwao zikiwa nzima.

Si haki kuilaumu lugha ya Kiingereza kwa kuwa na nahau zenye utata, maana hakuna lugha isiyokuwa nazo. Mswahili akisema kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu atadhani habari ni ya jikoni, na akiambiwa kwamba watu wamekula njama atauliza njama ni chakula gani. Utata wa namna hiyo hauna madhara, kwa sababu msemaji yupo mbele ya msikilizaji na aweza kuulizwa. Ninaotaka kuusimulia hapa ni ule unaokaa ndani ya hati iliyotiwa muhuri, ambao msemaji wake hayupo tena kuulizwa, na ambao kila unapozuka mgogoro juu ya maana yake hufasiriwa na upande ule ule ulioiandika hati. Katika nchi ya chai utata huo ulikuwa na thamani ya maelfu ya eka.

Himaya ya Afrika ya Mashariki ilitangazwa mwaka 1895, lakini Kericho haikuwa ndani yake. Ilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda hadi mwaka 1902, jimbo hilo lilipohamishwa ili reli yote, iliyokuwa imefika ziwani mwezi wa Desemba 1901, iwe chini ya serikali moja. Reli ilikuwa imekula fedha nyingi za walipa kodi wa Uingereza, na serikali ikatamani walowezi watakaolima kando yake na kuipa mizigo ya kubeba. Palikuwa na kikwazo kimoja cha kisheria. Himaya si koloni, na katika sheria ya Waingereza wenyewe, kuwahami watu hakukumpa mwenye kuwahami milki ya ardhi yao. Mwaka 1899 wanasheria wakuu wa Taji waliulizwa shauri, nao wakajibu kwamba katika nchi ambazo wenyeji wake hawana serikali iliyotulia wala milki ya ardhi iliyogawanywa, haki ya kuhami huchukua pamoja nayo haki ya kuitoa ardhi iliyo tupu na isiyokaliwa. Kutoka katika jibu hilo ikatoka Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902, iliyomruhusu mkuu wa serikali kuuza na kupangisha ardhi, ila tu ile ambayo wenyeji wanaikalia hasa.

Yafaa tutue hapa kidogo, kwa sababu maneno haya mawili, tupu na kukalia hasa, ndiyo yaliyobeba mashamba yote yaliyofuata. Neno la Kiingereza nililolifasiri kwa tupu lina mapisi marefu katika sheria ya nchi yao. Katika vijiji vya Uingereza vya kale, ardhi tupu ya bwana wa manori ilikuwa ni ile isiyolimwa: vichaka, majani na kingo za msitu. Hata hivyo haikuwa bila watu, kwani wanakijiji walikuwa na haki za kulisha humo ng'ombe na kondoo wao, kukata kuni na kuchimba mboji ya kuwashia moto, na haki hizo zilitambuliwa na mahakama. Ardhi iliyoitwa tupu ilikuwa, kwa maana yake ya asili, malisho ya jamii. Neno lilipovuka bahari na kufika Afrika, liliiacha nyuma nusu ile ya maana iliyokuwa ya wanakijiji, likaja na nusu iliyokuwa ya bwana. Sioni kwamba lilikuwa jambo la bahati. Wanasheria walioliandika walikuwa wamesomea sheria ya manori na walizijua nusu zote mbili.

Na Wakipsigis waliishije? Majumba na mashamba ya wimbi yalikuwa juu, katika nchi ya baridi. Ng'ombe wengi walikaa katika kambi za malisho ziitwazo kaptich, mbali na makazi, vijana wakiwalinda na kuwahamisha kwa kufuata majani na chumvichumvi. Aliyefyeka shamba alikuwa na haki nalo maadamu analilima, na malisho yalikuwa ya wote, yakiamuliwa na baraza la jirani, kokwet, ambalo halikuwa na daftari wala ramani lakini lilijua kila kijito na kila jiwe la mpaka. Ofisa aliyepita malishoni katika mwezi ambao ng'ombe wamehamishwa aliona majani marefu, jivu la zamani na ukimya, akaandika kwamba nchi haikaliwi. Hakuwa akisema uongo kwa macho yake. Lakini kauli ya kukalia hasa ilikuwa imetungwa na watu wa nchi ambayo kukaa ni kuwa na nyumba ya mawe yenye moshi, na kwa kipimo hicho mfugaji hakai mahali popote. Ilikuwamo pia ndani ya sheria ile ile ibara kwamba ardhi ya wenyeji ikiachwa kukaliwa itarudi kwa Taji, bila kusema kuachwa ni kwa muda gani, wala nani atakayeamua kwamba imeachwa.

Mwaka 1905 watu wa Sotik walipokataa kurudisha mifugo waliyoichukua kwa Wamaasai, jeshi likapelekwa, na watu wengi wakauawa na mifugo kwa maelfu ikatekwa. Katika barua za serikali za miaka ile vita vya namna hii huitwa kutuliza nchi. Sina la kuongeza juu ya kauli hiyo, isipokuwa kwamba baada ya nchi kutulizwa, sehemu ya Sotik ilipimwa ikagawanywa kwa walowezi, mashamba yao yakiwa kama ukuta baina ya Wakipsigis na Wakisii.

Sheria mpya ya ardhi ikaja mwaka 1915. Hii iliipanua ardhi ya Taji hata ikaingiza na ile inayokaliwa na wenyeji pamoja na ile waliyotengewa, na muda wa kupangisha ukatoka miaka 99 ukawa miaka 999. Msomaji wa leo huishangaa hesabu hiyo, na wako waliouliza kwa nini haikuandikwa 1,000. Jawabu ni kwamba si hesabu, ni msemo: katika desturi ya mawakili wa Kiingereza pango la miaka 999 ni namna ya kutoa milki isiyo na mwisho huku ukihifadhi jina la mwenye mali. Anayeihesabu miaka hiyo kwa vidole hajaielewa, kama asivyoielewa nahau nyingine ya mawakili hao hao, ya mpangaji anayetakiwa kulipa kila mwaka punje moja ya pilipili manga, ikidaiwa. Mfanyabiashara wa Mombasa angedhani habari hiyo ni ya biashara ya viungo, kumbe maana yake ni pango lisilokuwa na kodi ya kutajwa.

Baada ya Vita Kuu, mwaka 1919, serikali ikaanzisha mpango wa kuwapa ardhi askari wa Kizungu waliopigana. Upande wa Kericho kilipewa chama cha maofisa walioumia vitani, nao wakapata eka zipatazo 25,000 zilizokatwa kutoka katika nchi ya Wakipsigis, ili walime kitani. Watu hawa walikuwa wameteseka, wengine wamepoteza viungo, na sipendi kusema neno la kuwadharau; lakini kitani kiliwaangusha mara moja. Bei yake ilianguka kabla shughuli haijasimama, na katikati ya miaka ya 1920 mpango ukafa. Hapo ndipo chai ilipoingia kwa kishindo. Chai haikuwa ngeni nchini, kwani mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na hata Kericho ndugu wa ukoo wa Orchardson walikuwa wamekwisha kuijaribu. Lakini ilikuwa chai ya bustani. Brooke Bond na James Finlay walipokuja na mtaji mkubwa na watu waliokwisha kujifunza kazi huko Bara Hindi na Ceylon, mvua ya kila alasiri itokayo upande wa ziwa, baridi ya kimo cha mita 2,000 na udongo wenye ukali vikageuka kuwa mali. Ardhi ya kitani ikapita kutoka mkono mmoja wa Kizungu kwenda mwingine, na swali la kuirudisha kwa waliokatiwa halikutokea, kwa sababu hati zilikuwa zimekwisha kuandikwa na hazikusema kwamba zilitolewa kwa ajili ya kitani tu.

Ardhi bila watu wa kazi haichumwi. Tarehe 23 Oktoba 1919, chini ya Gavana Edward Northey, ilitoka waraka wa kazi ulioandikwa na John Ainsworth, mkuu wa mambo ya wenyeji, ukiwataka maofisa watumie kila ushawishi ulio halali ili wanaume wenye nguvu waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mtu anayesoma Kiingereza cha kitabuni atasema waraka ule ulikuwa wa upole: ushawishi si amri, na halali ni kinyume cha haramu. Lakini waraka huo huo uliwaagiza Mabwana Wilaya waandike majina ya machifu na wazee wanaosaidia na ya wale wasiosaidia, na majina yapelekwe juu. Mtu ajuaye adabu ya Kiingereza cha ofisini anafahamu kwamba katika lugha hiyo mkubwa hasemi fanya; husema angependa, angefurahi, anatumaini; na mdogo anayengoja neno la amri ataondolewa kazini akiwa bado anangoja. Bwana Wilaya naye alilisema jambo hilo barazani kwa Kiswahili alichokifanyia mtihani, na mkalimani akaligeuza kwa Kikipsigis. Katika safari hiyo ya lugha tatu, upole ulidondoka njiani, kwa kuwa Kiswahili cha baraza hakikuwa na namna ya kuutafsiri, na kilichofika masikioni mwa wazee kilikuwa amri tupu. Nathubutu kusema kwamba mkalimani, kwa kukosea maneno, aliipata maana sawasawa.

Aliyeufahamu waraka ule upesi kuliko wengi alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, mtu aliyeishi miaka mingi na Waswahili na kuijua lugha yao. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kuupinga, akionyesha kwamba ushawishi wa mtu mwenye bunduki, kodi na jela ni shurti, hata ukiitwa kwa jina gani. Kelele za maaskofu na wenzao katika Bunge la Uingereza zilizaa matunda kiasi, na mwaka 1921 Wizara ya Makoloni iliwakataza maofisa kuwatafutia watu binafsi vibarua. Nautaja mfano huu kwa furaha, kwa sababu unathibitisha kwamba utata wa kauli uliweza kufichuliwa na Mwingereza mwenyewe alipotaka.

Hata hivyo mwaka huo huo wa 1921 ulileta kauli nzito kuliko zote. Mwaka uliotangulia Himaya ilikuwa imegeuzwa kuwa Koloni la Kenya, na mbele ya Jaji Mkuu Jacob Barth ilifika daawa ya Wakikuyu waliogombania shamba. Daawa ilikuwa ndogo, haikuhusu Mzungu yeyote. Lakini jaji, katika kuiamua, alisema kwamba kwa sheria ya 1915 na kwa amri ya 1920 haki zote za wenyeji juu ya ardhi zilikuwa zimetoweka, nao sasa ni wapangaji wa Taji kwa hiari. Mtu asiyesomea sheria akisikia mpangaji kwa hiari atafurahi, akidhani ni mpangaji aliyeachiwa uhuru wake, akae apendapo na aondoke apendapo. Maana ya mawakili ni kwamba pango halina muda, na lavunjika siku yoyote mmoja wa pande mbili atakapotaka. Kwa maneno, hiari ni ya wote wawili. Kwa hali ya mambo, mmoja wao alikuwa ni dola yenye majeshi na mwingine alikuwa ni mzee wa Kikipsigis ambaye babu zake wamezikwa pale pale. Mzee huyo angeitumia vipi hiari yake, alivunje pango ahamie wapi? Hukumu ile ilitoka katika nchi ya Wakikuyu, lakini ilimfikia kila mwenyeji wa Koloni, na Wakipsigis wakawa wapangaji katika nchi ambayo hakuna aliyewahi kuwapangisha.

Walioona khatari waliomba hakikisho, na hakikisho likaja kwa awamu. Mipaka ya ardhi walizotengewa wenyeji ilitangazwa rasmi mwaka 1926, na kwa upande wa Kericho ilitangazwa baada ya vipande vilivyofaa kwa kitani na chai kuwa vimekwisha kukatwa. Kisha mwaka 1930 ikapitishwa Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, iliyosema kwamba ardhi hizo zimewekwa kwa manufaa ya makabila hayo milele. Milele ni neno lisilohitaji mfasiri. Katika Kiingereza, Kiswahili na Kikipsigis watu wote wanaamini kwamba wanalijua. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega, si mbali na Kericho, na mwishoni mwa mwaka 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi yenye dhahabu itolewe kwa wachimbaji bila ya kuwapa wenyeji ardhi nyingine badala yake na bila ya kuyashauri mabaraza yao. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili.

Wamaasai, majirani wa Wakipsigis kwa upande wa kusini na mashariki, wangeweza kuwaonya. Katika mapatano ya mwaka 1904 waliahidiwa ardhi yao kwa muda wote ambao Wamaasai wataendelea kuwapo duniani kama taifa, ahadi ambayo haikuonekana kuwa na mlango wa kutokea. Mwaka 1911 yakaandikwa mapatano mengine, nao wakahamishwa kutoka Laikipia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kwamba mapatano yale ni mkataba baina ya dola na dola, na kwamba tendo la dola haliulizwi na mahakama. Watu walioambiwa kwamba hawana dola, ndipo ardhi yao ikachukuliwa, waliambiwa sasa kwamba wanayo, ndipo malalamiko yao yakataliwe.

Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, ilisikiliza ushahidi mwingi kuanzia mwaka 1932 na kutoa taarifa yake mwaka 1934. Ilishauri kwamba haki za wenyeji nje ya mipaka waliyowekewa zizimwe. Mwaka huo huo wa 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa waganga na waongozaji ambao serikali iliwahofia, wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa, nchi ya joto na mbung'o. Jina la sheria lilikuwa la kuhamisha, neno linalotumika pia kwa kuhamisha meza na viti.

Wakati hayo yakitendeka katika karatasi, katika mashamba yenyewe ilikuwa ikizaliwa lugha nyingine. Wakipsigis wengi hawakupenda kuchuma chai. Aliyekuwa na ng'ombe aliona afadhali akae katika shamba la mlowezi wa Sotik, amfanyie kazi kwa siku kadhaa za mwaka, naye aruhusiwe kulisha. Wachumaji walitoka zaidi Nyanza na nchi ya Waluhya: Wajaluo, Wakisii, Wamaragoli, kila mmoja na lugha yake, wakakutana katika kambi za kampuni chini ya manyapara, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kiswahili hicho mtu wa Lamu angekisikitikia kwa sarufi yake, lakini kiliwapa watu hao namna ya kuelewana usiku mmoja tu baada ya kushuka garini. Ndani yake ziliingia istilahi za kazi: majani mawili na chipukizi, yaani kile tu kinachopasa kuchumwa, na meza, yaani uso wa juu wa mche uliokatwa ukawa sawasawa. Istilahi hizi zilikuwa aminifu, kwa kuwa mchumaji na msimamizi waliweza kuliangalia jani moja pamoja.

Mwezi ulikuwa mambo mengine. Kibarua aliambiwa mshahara ni wa mwezi, naye akaujua mwezi kama watu wote waujuavyo, tangu unapoandama hadi unapoandama tena. Lakini mwezi wa tikiti, yaani wa kadi yake ya kazi, ulikuwa siku 30 za kazi iliyokamilika, zikiandikwa moja moja, nazo ziliweza kutapakaa hadi siku 42. Siku ya ugonjwa haikuwa siku, wala siku ya mvua ya mawe, ambayo Kericho hunyesha mara nyingi kuliko karibu mahali pengine popote, wala siku ambayo kazi iliyopimwa haikumalizika. Barua za vibarua kwa jamaa zao zilisema fedha zitakuja mwezi ukiisha, na jamaa wakangoja mwezi wa mbinguni. Kadhalika mtu mzima mwenye wake na wajukuu aliitwa boi, neno ambalo kwa Kiingereza ni mtoto wa kiume, na ambalo Kiswahili kililipokea likiwa na maana ya mtumishi tu, kana kwamba kilikataa kuuchukua utoto uliokuwa umefungwa ndani yake.

Na yule Mkipsigis mwenye ng'ombe huko Sotik alipewa jina la skwota. Neno hilo katika Australia ya karne ya kumi na tisa lilikuwa la heshima: maskwota wa huko walikuwa wafugaji wa Kizungu walioingia katika ardhi wasiyopewa, wakaikalia kwa wingi wa kondoo wao, mwishowe wakatambuliwa na sheria na kuwa matajiri wa nchi. Katika Kenya neno lile lile lilimwendea mtu aliyekuwa akilisha pale ambapo baba yake alilisha, na sheria za mwaka 1918 na 1937 zikampunguzia mifugo na kumwongezea siku za kazi. Kauli moja, dola moja, na mtu anayeitwa kwa kauli hiyo atapata milki au ataikosa kwa kufuata bara alilomo.

Haingekuwa insafu kunyamaza juu ya Ian Orchardson, mmoja wa ndugu wale niliowataja. Alikaa na Wakipsigis miongo ya miaka, akaoa kwao, akajifunza lugha yao kutoka ndani, na kitabu chake juu ya mila zao kilitoka mwaka 1961. Anayekisoma huona kwamba palikuwapo na Mzungu wa Kericho aliyejua kokwet ni nini na malisho ni ya nani. Elimu hiyo ilikuwapo wilayani, katika mtu aliyefahamika, wakati hati zilipokuwa zikiandikwa kana kwamba haipo.

Uhuru ulipokaribia, kauli ya zamani ilibadilishwa kwa kauli mpya. Ardhi za walowezi zitarudi, ilisemwa, kwa njia ya mwenye kutaka kununua na mwenye kutaka kuuza. Hii ni kauli yenye sura ya usawa, na katika sehemu za Sotik iliwasaidia watu wengi kupata mashamba kwa mikopo, kwa sababu walowezi wengi walitaka kwenda zao. Lakini ilidhania kwamba kila upande una kutaka. Makampuni ya chai hayakutaka kuuza, na katiba ya mwaka 1963 iliilinda milki ya kila mwenye hati. Kwa hiyo bendera ilibadilishwa na vilima vya Kericho vikabaki kama vilivyokuwa, miaka 999 ikiendelea kuhesabiwa. Mkulima mdogo wa Litein na Bomet alipata njia yake mwenyewe, akaipanda chai katika eka yake moja au mbili, na tangu mwaka 1964 akaiuza kupitia Mamlaka ya Ustawi wa Chai, hata leo chai ya wakulima wadogo wa Kenya ni nyingi kuliko ya mashamba makubwa. Ni historia ya fahari na yastahili makala yake.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ilisema kwamba asiyekuwa raia hatamiliki ardhi ila kwa pango, na pango hilo lisizidi miaka 99. Kwa kalamu moja miaka 999 ilikatwa, na hesabu mpya itafikia mwisho mwaka 2109. Katiba hiyo ilitambua pia dhuluma za ardhi za kihistoria, ikampa kila aliyedhulumiwa mahali pa kwenda. Wakipsigis na Watalai walikwenda, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipotoa maamuzi yake mwaka 2019, makampuni yaliyapinga mahakamani. Mashamba yenyewe yameuzwa tena, majina ya Brooke Bond na Finlay yakipokewa na ya wenye mali wapya, wa mwisho wakiwa wa Sri Lanka.

Nimeisoma Ibara ya 65 mara nyingi kwa ajili ya jambo moja. Inaposema raia, haiachi neno hilo likitangatanga; inaeleza papo hapo kwamba kampuni itahesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Laiti sheria ya 1902 ingalieleza namna hiyo kukalia hasa ni nini, na ile ya 1930 ikaeleza milele ni muda gani, mashamba mengi yangalikuwa na wenyewe wengine. Kazi hiyo ya kueleza haijaisha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mpangaji raia, muda wake ukiisha, haki ya kufikiriwa kwanza, isipokuwa ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma. Na manufaa ya umma ni kauli pana, ambayo watu wa Kericho na Bomet wana haki ya kuuliza maana yake sasa, kabla haijafasiriwa kwa niaba yao. Wataiuliza kwa lugha gani? Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwa hilo tumeshukuru. Lakini Ibara ya 259 inasema kwamba matini za lugha mbalimbali za Katiba zikihitilafiana, itakayofuatwa ni ya Kiingereza.